Ya Kulia na Inayolia

Nyumbani kwa Mama Mkubwa,
Nyumba ya kona, mkabala na karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 14 Septemba, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka Fyuzi,

Shikamoo. Najua huipendi shikamoo yangu, maana umenitangulia kuzaliwa kwa muda usiotosha hata kumwachisha mtoto ziwa, lakini leo ipokee hivyo hivyo. Habari za huko? Wifi hajambo? Kile kikohozi chake cha baridi kimemwachia, au bado anakitibu kwa kukikemea? Na watoto wanaendeleaje na shule? Kifungua mimba wako alinitumia picha ya jino lililong'oka. Mwambie shangazi ameipokea na kwamba pengo limempendeza.

Sisi huku wazima. Mama yangu anasumbuliwa na goti. Anasema ni mvua, na mvua ikikatika anasema ni jua. Mimi bado niko redioni, bado nagombana na meneja juu ya urefu wa taarifa ya jioni. Mama Mkubwa hajambo. Koo halimuumi tena, anakula vizuri, na amenenepa kidogo kiasi cha kulalamikia magauni. Sauti hairudi, kama daktari alivyosema baada ya upasuaji, na hatuingoji.

Nimeanza na afya kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini unajua kwa nini naandika. Tangu siku ile seva ya redio ilipozimika na rekodi za vipindi vya Mama Mkubwa, umeacha kumpigia simu, naye ni mama yako mzazi. Ulikuwa unapiga kila Jumapili. Sasa unatuma ujumbe: shikamoo mama, tu wazima, tutaongea. Ananionyesha kila unapoingia. Mimi ulinitumia mmoja tu, kwamba umeiua sauti ya mama, kisha ukapotea. Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu, na sentensi fupi kama hiyo siipeleki hewani kabla ya kuihakiki. Nimeihakiki. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Niliona siwezi kuuliza maswali ya maana kama siijui mashine yenyewe. Upande wa mbele tunaujua sote, kwa sababu ndio unaotazama mlango, na una taa nyingi kama duka la vipodozi. Nyuma nilikuwa sijawahi kufika. Kile chumba unakijua, kimebanwa kati ya studio na stoo ya karatasi, kiyoyozi kinadondokea kwenye ndoo. Ili ufike nyuma ya kabati la mitambo lazima uende kiubavu huku umevuta tumbo. Niliingia na tochi. Alinifuata fundi mitambo wetu, Koleo, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu koleo halimtoki mkononi. Meneja anadai hata chai anakorogea hilo hilo.

Huko nyuma, jambo la kwanza utakaloliona ni pawa saplai mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Kila moja ina waya wake, mshikio wake, na kitaa kidogo kama punje ya mtama. Kikiwa kijani na kimetulia, umeme unaingia na mashine inalishwa. Kikiwa rangi ya chungwa, kuna ugonjwa. Kikiwa kimezima kabisa, hakuna umeme unaofika. Ziko mbili ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Wewe ndiye uliyetulazimisha tununue yenye mbili, na meneja akasema unatupeleka kwenye anasa.

Pembeni yake yako matundu ya kebo za mtandao. Kila tundu lina taa mbili. Moja hutulia, na maana yake ni kwamba kebo imeshika na upande wa pili upo. Nyingine hupepesa kila kitu kinapopita. Nilikaa nikizitazama kwa muda. Ile iliyotulia inakwambia tu kwamba njia ipo. Kama kuna anayepita, utaambiwa na ile inayopepesa. Kumbuka tofauti hiyo, tutaifikia tena.

Halafu kuna taa ya bluu. Hii ilikuwa inapepesa tangu tulipohamia chumba hicho, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Msomaji habari alisema ni kamera ya mwenye redio, na nimegundua kuna watu walikuwa hawasengenyi mbele ya mlango ule. Mhasibu alisema ni dalili ya mashine kupata homa. Kumbe ni ya kujitambulisha tu. Ukibonyeza kitufe mbele, inawaka na nyuma, ili ukizunguka kabati usije ukashika mashine ya jirani. Mtu aliibonyeza siku ya kuhama na hakuna aliyejua kuizima. Nimeizima mimi. Usengenyaji umerudi.

Na kuna tundu moja la kebo limekaa peke yake, mbali na wenzake, lina alama ndogo ya spana. Wewe ndiye uliyelichomekea kebo ulipokuja kuisimika mashine. Sasa nimejua kwamba hilo ndilo lililokuwa jicho lako. Kupitia hapo ungeweza kukaa huko uliko ukaiona mashine yote: joto lake, taa zake, pawa saplai ipi hai na ipi mfu, hata mashine yenyewe ikiwa imezimwa. Tundu hilo nililikuta tupu, limeota vumbi. Nikamuuliza Koleo.

"Siku ya kuhama ulirudisha kebo zote isipokuwa hii. Kwa nini?"

"Dada, si unaona pana spana pale? Nikajua hilo ni la fundi, akija kutengeneza. Mashine ilikuwa nzima. Namwekea nani?"

"Kwani wewe si fundi?"

"Mimi fundi mitambo. Spana ile ni ya kompyuta."

Kebo iliyobaki ilikwenda kwenye printa ya meneja, na mpaka leo iko huko. Baadaye uliuliza kwa nini huioni mashine kutoka mbali. Ulijibiwa kwamba taa zote zinawaka, ukaridhika. Hilo naliandika bila kulitia chumvi. Wote waliokujibu walikuwa wanasema kweli. Taa zilikuwa zinawaka.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, alasiri. Umeme ulikatika ukarudi papo hapo, na mashine ikaanza kulia. Haukuwa mlio mkubwa, ila ni ule unaotoboa: piii, kimya, piii. Ukuta wa chumba kile ndio ukuta wa studio. Msomaji habari akatoa kichwa akasema, "Mnyamazisheni huyo ndege, nakaribia kuingia hewani." Koleo akakupigia simu. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika karatasi za taarifa. Upande wake niliusikia wote. Upande wako niliusikia nusu nusu, kwa sababu alikuweka kwenye spika na feni za seva zilikuwa zinavuma kama kinu cha kusaga.

Ulimweleza kwamba ziko pawa saplai mbili, kwamba moja imekufa, na iliyokufa ndiyo inayopiga kelele. Akiitoa, nyingine itaendelea na kazi. Mpaka hapo kila neno ni sahihi. Kisha ukasema, "Chomoa inayolia."

Koleo akainama kati ya mashine na ukuta. Lazima ujue kwamba mlio ukiwa ndani ya sanduku la chuma hauna upande. Unatoka kote. Nimejaribu mwenyewe. Akauliza, "Ya kulia?"

Ukasema, "Ndiyo, hiyo hiyo."

"Ya kulia, siyo?"

"Inayolia, Koleo. Chomoa, watu wafanye kazi."

Akachomoa ya kulia.

"Imenyamaza," akasema, na kwa sauti yake alikuwa amefurahi.

"Safi," ukajibu.

Ilikuwa imenyamaza kweli. Feni nazo zilikuwa zimenyamaza, na taa zote, mbele na nyuma. Nilimsikia msomaji habari ng'ambo ya ukuta akikohoa kidogo kusafisha koo, kitu ambacho siku zote feni zilikuwa zinakifunika. Iliyokuwa inalia ilikuwa ya kushoto, yenye taa ya chungwa. Ya kulia ilikuwa na taa ya kijani, imetulia, nayo peke yake ndiyo iliyokuwa inailisha mashine.

Koleo anaapa kwamba alisikia "ya kulia". Wewe unaamini ulisema "inayolia". Nyote wawili mnasema kweli, na ninyi wawili ndio mlioizima. Nilirudi nyuma ya kabati siku nyingine, feni zikiwa zinavuma, nikayasema maneno hayo mawili kwa sauti, moja baada ya jingine, nikiwa nimeweka simu mbali kidogo na mdomo. Laini ikila silabi moja tu, hayatofautiani. Nimesoma na kuandika habari kwa lugha hii tangu ujana wangu. Neno hilo tunalo kwenye mkono, tunalo kwenye machozi, tunalo hata kwenye chumba cha chakula, na sijawahi kuona hatari iliyomo.

Tena hata kama ungekuwa umekusudia mkono, bado tungeweza kupotea. Ukiitazama mashine kwa mbele kisha ukazunguka nyuma, kulia kwake kumehamia kushoto kwako. Ofisini sasa hakuna anayethubutu kutumia neno hilo. Koleo ameanzisha "mkono wa kalamu". Juzi alikuwa anamwelekeza karani njia ya kwenda kwa mganga wa meno, akamwambia ukifika kwenye mzunguko kata mkono wa kalamu. Karani anaandika kwa mkono wa kushoto. Akamjibu, "Koleo, unataka jino langu au unataka nipotee?" Watu walicheka. Koleo hakucheka. Amekonda, na simtanii hata kidogo.

Kuzimika peke yake kusingeleta hasara. Zile diski zilizopangwa mbele, ulitueleza zamani, zinasaidiana. Moja ikifa, nyingine zinajua ilichokuwa nacho. Zikifa mbili, basi. Tulipoirudishia mashine umeme tukakuta mbili zina taa ya chungwa. Moja, nimethibitisha kwa kuuliza watu mmoja mmoja, ilikuwa na rangi hiyo tangu kabla ya kuhama. Mfagiaji anaikumbuka vizuri. Alidhani ni ya mapambo, kwa kuwa ilivunja ule mstari wa kijani. Ya pili ilikuwa nzima mpaka dakika ile. Ilikuwa imezunguka bila kusimama tangu siku ya kuhama, na iliposimama haikuamka tena. Mtaalamu aliyekuja kuzitazama alisema hutokea kwa diski zilizochoka. Zinaendelea kwa sababu hazijapewa nafasi ya kupumzika. Alizichukua, akazirudisha zikiwa zimefungwa kwenye mfuko, akatikisa kichwa kabla ya kukaa. Hakuna kilichotoka.

Ikabaki nakala. Hapa ndipo ule mpepeso unaporudi. Uliacha diski ya nje imechomekwa nyuma, kwenye yale matundu bapa tunamochomeka flashi, ukatuambia kila wiki mashine itajinakili humo yenyewe. Diski ile ina taa moja nyeupe. Ilikuwa inawaka. Kila mtu aliyepita akachungulia aliiona inawaka, na meneja hata alimwambia mwenye redio kwenye kikao kwamba nakala zipo, taa inaonyesha. Ilikuwa inawaka, ila haikuwa inapepesa. Diski ilikuwa imejaa zamani. Tangu ijae haikupokea kitu. Ilikaa tu pale imewaka, imeshiba.

Kwa hiyo kilichopona ni miaka ya mwanzo ya kipindi cha mama yako, ile miaka alipokuwa bado anasoma barua za wasikilizaji kama mtu anayesoma hukumu. Kilichopotea ni miaka ya baadaye yote. Ile sauti iliyowafanya watu wapunguze moto jikoni ili wasikose neno. Ile ya kuwakaripia waume waliomwandikia kulalamikia wake zao, kisha kuwageukia wake kwenye barua ileile. Kipindi cha mwisho, wiki moja kabla ya upasuaji, alipoaga bila kusema anaaga. Na kile alichowasalimia wanao kwa majina yao, akamwambia yule mdogo apige mswaki.

Najua hicho ndicho ulichokitaka. Ulisema tusikutumie, utakuja mwenyewe ukisikilize ukiwa umekaa karibu naye. Ilikuwa nia nzuri. Safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kazi, shule, visa, na hakuna aliyekulaumu, kwa sababu rekodi haiozi. Hivyo ndivyo tulivyodhani wote. Kinachoniuma mimi si mashine. Ni kwamba kukituma kungechukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa, na sote tulikuwa tunajua hivyo.

Sasa niseme kuhusu sentensi yako. Hukuiua sauti ya mama. Sikupi pole kwa kusema hivyo. Nakupa nilichokipata. Iliuawa na tundu lenye spana, na taa iliyofanywa pambo, na taa nyingine iliyoaminiwa kwa kuwa tu inawaka, na simu mbovu, na umeme wenyewe. Lakini pia sitakuandikia kwamba huna lako. Ulikuwa na swali moja la kuuliza na hukuuliza: taa yake rangi gani? Koleo angekujibu vizuri, ana macho makali. Nadhani unalijua hilo swali, na nadhani limekuwa likikuamsha. Basi limeandikwa. Hakuna mtu huku anayekuficha jambo kubwa kuliko hilo.

Mama Mkubwa nilimwambia mimi. Nilimkuta anabadilisha kifungo cha sweta ya mama yangu. Nikamweleza kama ninavyoeleza taarifa: nini kimetokea, lini, kimebaki nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakirudia kile kifungo, akakimaliza, akakata uzi kwa meno, akakivuta kuona kama kimeshika. Ndipo akaingia chumbani akafunga mlango. Sitakudanganya, alilia. Siku hizi kulia kwake hakuna sauti, kwa hiyo sisi tuliokuwa sebuleni hatukuweza kujua kumeisha lini. Mama yangu alisimama nje ya mlango na lile goti lake mpaka ulipofunguliwa.

Baada ya hapo hakutaka redio iwashwe. Tuliuheshimu ukimya wake wiki nzima na zaidi. Wiki iliyopita nikamletea zile rekodi zilizopona, nikiwa nimeziweka kwenye simu yangu. Nilimwambia asipotaka ninaondoka nazo. Akaashiria niwashe. Mama yangu alifurahi kupita kiasi, akawa anampiga piga begani. "Sikiliza, sikiliza dada. Ulikuwa unaringa wewe. Maneno unayavuta kama mpira."

Mama Mkubwa alisikiliza huku amekunja uso, kama mtu anayeonjeshwa mboga ya jirani. Midomo ilikuwa inafuatisha, na mara mbili niliona inamsahihisha yule wa kwenye simu. Halafu akanyoosha mkono akazima. Akasema kitu kwa midomo. Nikamwomba arudie, maana sijawa hodari wa kumsoma kama mama yangu. Akarudia pole pole: "Huyu alikuwa anamwogopa mhariri." Mama yangu akacheka mpaka akakaa. Yeye pia alicheka, mabega tu. Kisha akageuka akaitazama simu yake iliyokuwa kwenye kabati la vyombo, akanitazama mimi, akauliza, na hili nililisoma bila msaada: "Ana nini?"

Nikamwambia unaona aibu. Akapunga mkono, ule upungaji wake wa kufukuza kuku.

Kuhusu hilo naomba unielewe vizuri. Hasemi kwamba hakijapotea kitu. Anajua kilichopotea kuliko sisi, kwa sababu ndiye aliyekuwa nacho. Amehuzunika na ataendelea kuhuzunika, na mtu akimwambia asijali anamtoa nje kwa macho. Lakini huzuni hiyo ameiweka mahali pake. Ya kwako ndiyo hajui aiweke wapi, kwa sababu haisikii. Ujumbe anausoma, lakini anasema, kwa midomo, kwamba umeandikwa na karani.

Ninakuandikia nikiwa hapa hapa sebuleni. Yuko kwenye kiti cha karibu na dirisha. Simu iko mapajani, na mama yangu amekatazwa kuosha sufuria. Saa uliyokuwa ukipiga imeshapita na hajainuka. Hivi ndivyo anavyokaa kila Jumapili. Ameniuliza naandika nini. Nikamwambia namweleza Fyuzi taa za nyuma ya seva. Akapandisha nyusi, akasema kwa midomo, "Mwambie na yeye anieleze, wewe unaeleza kama unasoma idadi ya majeruhi."

Najua unachokiogopa. Ni ile simu ambayo upande mmoja haujibu. Ulipokuwa ukipiga mlikuwa na utaratibu wenu, yeye akigonga simu kwa pete, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, na mfululizo ikiwa amecheka. Pete bado anayo kidoleni. Inambana kidogo kwa huo unene niliokutajia, lakini haitoki.

Basi piga. Usianze na seva. Na tafadhali usimwombe radhi. Mtu mwingine angekukatiza akakwambia yaishe, lakini yeye hawezi kukukatiza, kwa hiyo utaomba na kuomba, na atalazimika kukaa na simu sikioni akusikilize mpaka uchoke. Usimfanyie hivyo. Mwambie mlikula nini. Mwambie jino limeng'oka. Wape watoto simu wagombane humo humo, awasikie.

Msalimie sana wifi na umwambie wifi yake anamkumbuka. Wabusu watoto, yule mwenye pengo kwanza. Mama yangu anakusalimu na anakuuliza kama bado unalala na taa inawaka. Koleo naye anakusalimu. Ameniomba niandike hivi hivi, kwamba hana kinyongo na wewe, na kwamba kebo ya spana amekata mpya na kuichomeka kwa mkono wake mwenyewe, ukiangalia utaiona mashine. Meneja hajatuma salamu, lakini aliuliza hali yako.

Mungu awatunze nyote huko mliko, awape afya na usingizi usiokatika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kukuficha kitu,

Mwanahabari wenu.